Dobi Aliyesema kwa Sauti ya Jumbe

Watu waliomjua mjomba wangu kwa sauti kabla ya kumwona walikuwa wakifika dukani kwetu na kuchungulia nyuma yake, wakidhani mwenye sauti yuko chumba cha ndani. Mjomba alikuwa mtu mdogo, mwembamba, mabega yameinama kwa kuizoea meza ya kupigia pasi, mikono imechujuka kwa sabuni. Sauti ile haikufanana hata kidogo na mwili ule. Ilikuwa nzito, ya taratibu, sauti ya mtu aliyeshiba na asiye na haraka na yeyote.

Kazi yake ilikuwa udobi. Ujumbe ulikuwa wa Alhamisi tu.

Kila Alhamisi jioni redio ilirusha mchezo wa kijiji kimoja cha kutungwa. Katika kijiji hicho watu waligombea mipaka, urithi na wachumba, na ugomvi ulipofika pabaya walimwendea kiongozi wao, Jumbe. Jumbe alikohoa kidogo, akanyamaza, kisha akasema, na maneno yake yakamaliza mambo. Kikohozi kile kilijulikana mji mzima. Wenye maduka walifunga mapema ili wakisikie, na aliyekuwa hana redio alijisogeza dirishani kwa jirani.

Mke wake, ambaye sisi wapwa tulimwita Mama Mkaza, hakubabaika na cheo hicho.

"Huko redioni una wazee wa baraza na mtu wa kukupepea," alikuwa akimwambia. "Hapa kwangu pipa halina maji, Jumbe."

"Nakuja, mke wangu. Baraza halijafungwa."

"Lifunge kabla sijalifunga mimi."

Nilifanya kazi na mjomba kwa miaka mingi. Mimi nilipokea nguo na kushona alama ndani ya kola, ili shati la huyu lisiende kwa yule. Yeye alifua na kupiga pasi. Mara nyingine nilimsindikiza studio. Kilikuwa chumba kidogo, kuta zimetundikwa mablanketi ili sauti isirudi. Pembeni alisimama mtu wa milio, ambaye alikuwa akitembea pale pale aliposimama, juu ya sinia la changarawe, kila wahusika walipotakiwa kusafiri. Karatasi za maneno hazikubanwa pamoja. Mchezaji alishika ukurasa mmoja mkononi, akiumaliza anauacha uanguke wenyewe kwenye zulia, kwa sababu karatasi ikigeuzwa karibu na kinasa sauti husikika kama nyasi zinazoungua.

Mtunzi wa mchezo, bwana mpole ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi, alikuwa na utaratibu wake. Alimpa kila mchezaji maneno yake mwenyewe tu. Nani atakujibu, na atakujibu nini, hukuambiwa mpaka ulisikie jibu lenyewe. Alisema mtu akiyajua yajayo, sauti yake nayo inayajua, na msikilizaji anagundua. Wachezaji wengine walinung'unika. Mjomba aliupenda utaratibu huo, na aliuzungumzia kama seremala anavyoisifu randa yake.

"Mimi nasoma ukurasa wangu," alikuwa akisema. "Wa mbele ni wa mwenye kalamu."

Taratibu watu walianza kumletea kesi dukani. Mwanzoni alicheka. "Jumbe yuko redioni. Hapa kuna dobi. Una suruali?" Lakini siku moja walikuja majirani wawili, mama na mama, wakigombana kuhusu maji machafu yaliyotoka kwa mmoja yakipitia mlangoni kwa mwenzake. Walizozana mbele ya meza hadi mvuke wa pasi ukaonekana baridi. Mjomba, kwa utani tu, akakohoa kile kikohozi. Wote wawili wakanyamaza. Akaamua kwa sauti ya Jumbe kwamba mtaro uchimbwe katikati na wauchimbe pamoja, wakashukuru, wakaondoka wameshikana mikono.

Baada ya hapo hakucheka tena kesi zilipokuja. Aliweka pasi kando, akafuta mikono, akasikiliza. Hata mimi niliyekuwa nikimwona asubuhi akitafuta kandambili zake uvunguni nilijikuta nasimama wima anapokohoa.

"Angalia," Mama Mkaza alimwambia. "Unaanza kunijibu kwa sauti hiyo hata nikiuliza habari za chumvi."

Mwaka mmoja halmashauri ya mji ilikitaka kiwanja cha soko la zamani. Lilikuwa soko la vibanda vya mbao chini ya paa moja kubwa la mabati, lililobebwa na nguzo za zamani kuliko wafanyabiashara wote. Waliambiwa wahame, wakakataa. Walikoambiwa waende hakukuwa na wanunuzi. Wakaanza kukesha mle kwa zamu, ili asije mtu akalikuta soko tupu. Mchana mmoja mawe yakarushwa. Mgambo alipasuliwa kichwa, msichana mmoja muuza vikombe akavunjwa mkono. Kuanzia hapo mji uligawanyika, na hata dukani kwetu wateja walitazamana kabla ya kusalimiana.

Mwenyekiti wa halmashauri nilimjua. Alikuwa amenifundisha fasihi sekondari, na nasema bila kinyongo kwamba alikuwa mwalimu mzuri. Kuna somo lake moja lililonikaa. Alitusimulia kisa cha mfalme aliyeamuru lango la mji lifungwe wakati wa njaa, na watu wengi wakafia nje ya lango. Ilipofika siku ya kuulizwa, mfalme akamnyooshea kidole bawabu. "Nani aliyewaua?" mwalimu alituuliza. "Aliyetoa amri, au aliyesukuma lango?" Darasa liligawanyika, tukabishana hadi kengele ikalia. Yeye akafuta ubao na kusema: "Wote wawili. Ila mfalme ana wa kumtupia lawama, na bawabu hana."

Mtu huyo ndiye aliyeingia dukani kwetu kesho yake, baada ya mawe. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwambia.

"Marahaba. Bado unashona alama zako?" Akamgeukia mjomba. "Jumbe."

"Mwenyekiti. Suti yako iko tayari."

"Sikufuata suti." Akaketi kwenye benchi la wateja kama mtu aliyetembea mwendo mrefu. "Jana wameumia wawili. Leo wataumia wengi. Mimi nikisimama pale wananizomea, siwezi kumaliza sentensi. Wewe wakikusikia watatulia. Nataka watu walale majumbani mwao, basi."

Akatoa karatasi iliyopigwa chapa. Mjomba aliisoma huku midomo ikichezacheza, kama alivyofanya studio. Ilisema: Watu wangu, rudini nyumbani mkapumzike. Vibanda vyenu havitaguswa mpaka tuketi pamoja tuzungumze.

"Na baada ya hapo?" mjomba akauliza.

"Baada ya hapo ni ukurasa wangu."

Mama Mkaza alikuwa nyuma anakunja mashuka. Hakugeuka. "Mwulize ukurasa wake unasemaje."

"Mke wangu, haya ni maneno ya amani."

"Nimesikia kwamba ni ya amani. Nauliza yanayofuata."

Mwenyekiti alitabasamu lile tabasamu lake la darasani. "Mama, yanayofuata ni mazungumzo. Ndivyo ilivyoandikwa hapo."

Mjomba alikuwa ameshaanza kusafisha koo.

Jioni ile, kabla jua halijazama, gari la halmashauri lenye vipaza sauti liliizunguka sehemu yote ya soko, mjomba ameketi mbele na karatasi yake. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa barabara. Kile kikohozi kiliposikika, watu waliacha walichokuwa wakifanya. Kisha sauti ikaja, ile ile ya Alhamisi, na nyuso za watu zikalegea. Wengine walipiga vigelegele. Muuza sufuria mmoja alipanda juu ya kreti.

"Jumbe! Na mke wangu naye arudi nyumbani?"

"Arudi," vipaza sauti vikajibu, "lakini kwa hiari yake."

Soko zima lilicheka. Jibu lile halikuwa kwenye karatasi. Watu walikunja mikeka yao na kuondoka wakiigiza kikohozi, na katika muda mfupi sikuona tena mtu chini ya lile paa.

Miongoni mwa walioondoka alikuwa fundi wa funguo, mtu mcheshi aliyekuwa akipiga mluzi huku akichonga. Kibanda chake kilikuwa karibu na mlango wa soko. Karibu kila nyumba ya mji ule ilikuwa na ufunguo uliopita mikononi mwake. Mke wake aliuza nyuzi na vifungo pembeni yake. Mke huyo ndiye aliyetusimulia baadaye. Alitaka waibebe ile mashine ya kuchonga funguo waende nayo nyumbani, kwani ndiyo iliyowalisha. Mumewe akamcheka. "Hukumsikia Jumbe? Tangu lini Jumbe amesema kitu kikawa uongo?" Akakifunga kibanda kwa kufuli zake bora, akatikisa kila moja, wakaenda.

Alfajiri tingatinga lilikuja. Askari walikuwa wameshalizingira soko. Waliokaa karibu waliamshwa na mngurumo na wakakimbilia huko. Fundi alikuwa wa mbele. Alipita upande ambao askari hawakuwapo, akafika kwenye kibanda chake, akaanza kufungua kufuli. Ya kwanza ilifunguka. Nguzo za upande wa pili zikakatika, na paa lote likashuka. Dereva wa tingatinga aliapa kwamba hakumwona mtu. Mimi namwamini dereva.

Habari ililetwa dukani na muuza maziwa. Mjomba alikuwa katikati ya shati jeupe. Alimalizia mikono ya shati, akaligeuza, akapiga pasi mgongo, akalifunga vifungo vyote, akalitundika.

"Mashine ilikuwa bado ndani?" akauliza.

"Mashine gani?" muuza maziwa akashangaa.

"Ya funguo."

"Ilikuwa ndani. Ndiyo aliyoifuata."

Mjomba akaketi chini, pale pale sakafuni palipokuwa na maji.

Mazishini alikwenda akitarajia kutukanwa. Nadhani alikuwa akitamani kutukanwa. Lakini watu walimpa mkono. "Pole, Jumbe. Wamekutumia." "Pole, mzee wetu, hukujua." Walimsafishia njia apite mbele. Mwenyekiti naye alikuja, akasema maneno machache kuhusu ajali iliyotusikitisha sote. Neno hilo, ajali, alilirudia mara nyingi, kama mtu anayekanyagakanyaga udongo ushikane.

Mjomba alipofika kwa mjane, mjane alimtazama kwa muda. Hakuwa na hasira usoni.

"Alikuamini wewe," akamwambia. "Wao hakuwaamini hata siku moja. Wangesema wao, mashine ingelala nyumbani."

Kuanzia siku ile mjomba hakulala vizuri. Alhamisi iliyofuata alikwenda studio mapema, nikiwa naye, akamkuta mtunzi anapanga karatasi.

"Nataka Jumbe akosee," mjomba akamwambia.

"Akosee vipi?"

"Aseme neno bila kujua kilichoko mbele yake. Mtu afe kwa neno hilo. Kisha asimame mbele ya baraza aseme ni yeye."

Mtunzi alivua miwani, uzi ukabaki umening'inia shingoni. "Ndugu yangu, najua kilichokupata. Pole sana. Lakini watu wanafunga maduka kumsikiliza mtu asiyekosea. Wanaokosea wanao majumbani kwao, hawahitaji redio. Jumbe akiomba radhi leo, wiki ijayo nani atanyamaza akikohoa?"

"Labda ni vizuri wasinyamaze."

"Basi utakuwa mchezo mwingine, na si mimi nitakayeuandika." Alisema kwa upole. Kisha akaongeza, "Andika wewe, nitausoma."

"Sijui kuandika. Najua kusoma ninachopewa," mjomba akajibu, "na huko kusoma ndiko kulikotufikisha hapa."

Jioni ile alisoma ukurasa wake kama kawaida. Ulihusu mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. Alipomaliza, karatasi haikuanguka. Aliishika mpaka taa nyekundu ikazimika, na mtu wa milio akalazimika kuitoa vidoleni mwake.

Manung'uniko ya mjini yalipokuwa makubwa, iliundwa tume ya watu kutoka nje ije kuuliza yaliyotokea sokoni. Siku moja kabla ya tume kuketi, Mwenyekiti alirudi dukani. Safari hii alifunga mlango nyuma yake.

"Usiogope," akamwambia mjomba. "Hakuna atakayekugusa wewe, wala atakayenigusa mimi. Nimelifikiria vizuri. Halmashauri haikutoa ahadi yoyote. Mimi sikusema kitu sokoni. Aliyesema ni Jumbe, na Jumbe si mtu. Ni mhusika. Huwezi kumshtaki mhusika wa mchezo. Watakuuliza, nawe utajibu kwamba lilikuwa igizo la kutuliza watu. Yakaisha."

"Maneno hayakuwa ya mchezo. Uliyaleta wewe."

"Karatasi iko wapi?"

Mjomba alipapasa mfuko wa shati lake. Nilijua iliko. Alipomaliza kusoma aliiacha ianguke, kama alivyozoea, na ilibaki sakafuni mwa gari la halmashauri.

Hapo nilishindwa kujizuia. "Mwalimu," nikasema, "na yule bawabu?"

Aliniangalia kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Nilijua amekumbuka, kwa sababu hakuuliza bawabu gani. Akapitisha mkono usoni.

"Darasani hakuna tingatinga," akasema. "Darasani hupigiwi simu na wakubwa wako wakikuuliza kwa nini kiwanja hakijakabidhiwa. Nilitaka pasiwe na mtu mle ndani. Wallahi nilitaka pawe patupu. Huo ndio ukweli wangu." Akasimama. Mlangoni akageuka tena kwa mjomba, na sauti yake sasa ilikuwa ya ofisini. "Kibanda hiki kiko kwenye kiwanja cha halmashauri, dobi. Leseni yake huja kwangu. Sikutishi. Nakukumbusha tu, ukiwa unapanga maneno yako."

Alipoondoka, mjomba alikaa mbele ya pasi iliyopoa. Mama Mkaza alimletea chai, na hakumwacha.

"Tutakula nini?" mjomba akauliza.

"Hilo niachie mimi, si mara yangu ya kwanza. Wewe fikiria hilo lingine."

"Wakisema ni Jumbe, na mimi nikisema ni Jumbe, kesho kila kitu kinarudi kilivyokuwa."

"Kila kitu isipokuwa yule fundi."

"Ulimwuliza yanayofuata," mjomba akasema. "Uliuliza, nami nikakunyamazisha."

Mama Mkaza angeweza kusema mengi hapo. Alichukua kikombe, akakiweka mkononi mwake. "Kunywa," akasema. "Kinapoa."

Tume iliketi katika ukumbi wa halmashauri, feni zikizunguka bila kuleta upepo. Watu walijaa hadi madirishani. Mwenyekiti alitangulia kusema, akaeleza habari ya igizo kwa ufasaha, bila kigugumizi. Alisema halmashauri iliomba msaada wa msanii kutuliza joto, kwamba kila mtu mzima anajua Jumbe ni wa kutungwa, na kwamba hakuna sheria inayomfunga mtu kwa maneno ya mchezo. Nilimsikiliza nikamtambua: alikuwa bado mwalimu mzuri.

Akaitwa mjomba. Alianza kuzungumza, na nyuma ya ukumbi watu wakapaza sauti. "Sauti! Hatusikii! Jumbe, kohoa basi!" Wengine walicheka. Mwenyekiti wa tume, mama mmoja aliyevaa shela nyeusi, alimwomba azungumze kwa nguvu kama anavyozungumza redioni.

"Hii ndiyo sauti yangu, mama," mjomba akajibu. "Ile nyingine nimeiacha nyumbani."

Ukumbi ukatulia, watu wakainama mbele wapate kusikia.

"Jumbe hakuwa ndani ya gari lile," akasema. "Nilikuwa mimi, dobi. Karatasi niliandikiwa na Mwenyekiti, na iliahidi vibanda havitaguswa. Sina karatasi hiyo, siwezi kuionyesha. Lakini hata ningekuwa nayo, mdomo ulikuwa wangu. Nilijua watu wataniamini. Kwa sababu hiyo hiyo nilipaswa kuuliza kinachofuata, na sikuuliza. Nilifurahi kuitwa. Nilitia na utani ambao haukuandikwa, watu wakacheka, wakaenda kulala. Fundi wa funguo aliiacha mashine yake ndani kwa sababu ya neno langu. Kama mnatafuta wa kumwandika, Mwenyekiti mwandikeni, na mimi niandikeni."

Alirudi kuketi. Mama Mkaza alisogea kumpa nafasi, akamfuta jasho shingoni kwa ncha ya kanga, mbele ya watu wote.

Tume iliandika kwamba ilikuwa ajali, na kwamba siku zijazo matangazo yatolewe na ofisa mwenye dhamana. Hakuna jina lililoandikwa. Mwenyekiti alibaki kwenye kiti chake hadi muda wake ulipokwisha, kisha akapewa kazi kubwa zaidi mahali pengine. Leseni ya duka letu haikutoka tena. Tulihamishia meza ya pasi nyuma ya nyumba, na wateja wengi hawakutufuata huko. Redio ilimtafuta mtu mwingine wa kumwigiza Jumbe. Mtunzi alikuja mwenyewe kumwambia, na alishindwa kumaliza chai yake.

Hayo tuliyatarajia. Tusichokitarajia ni watu. Wale waliompa pole mazishini sasa walimpita njiani. Hawakumkasirikia kwa sababu ya fundi. Muuza sufuria, yule wa juu ya kreti, ndiye aliyemweleza waziwazi: "Ungetuachia Jumbe wetu, bwana. Mwenyekiti tulimjua ni mwongo, hakutupunguzia kitu. Wewe ndiye uliyetuharibia." Mjomba alimjibu kwamba ana haki, na nadhani alimaanisha.

Ilibaki nyumba moja tu ambayo alijua lazima aiendee. Alichelewa kwenda kwa mjane, akitafuta la kumwambia na asilipate. Mwisho alikwenda bila la kusema, na aliniomba nimsindikize. Tulimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anapanga vifungo kwa rangi. Mjomba alipofumbua mdomo, mjane aliinua mkono.

"Polepole, baba. Sauti yako ikipanda kidogo naiona jioni ile." Akatuonyesha mkeka. "Nilikuwepo ukumbini. Niliyasikia yote. Umekuja nikusamehe?"

"Sijui nimekuja kufanya nini," mjomba akamwambia.

"Afadhali. Maana sijui kama nimefika huko, na sitaki kukudanganya."

Tukakaa. Alipanga vifungo vyake vyeupe vikaisha, kisha akaingia ndani akatoka na kopo la rangi lililobonyea upande mmoja. Ndani yake mlikuwa na funguo, nyingine zimepinda, nyingi nzima. Walizitoa chini ya mabati siku walipomtoa mumewe. Fundi alikuwa na desturi ya kufunga kila ufunguo uliokwisha kuchongwa kwa kipande cha kitambaa kutoka kwa mkewe, na juu ya kitambaa akaandika nyumba ya mwenye ufunguo.

"Wenyewe wanaona haya kuja kuzidai," mjane akasema. "Na mimi siwezi kuzunguka mlango kwa mlango, kila mlango nipewe pole. Nina siku nazitazama tu. Wewe zizungushe. Ukifika usitoe hotuba. Toa ufunguo."

Tulizungusha funguo hizo jioni kadhaa, mimi nikisoma vitambaa na mjomba akibisha hodi. Wapo waliopokea bila kumtazama. Wapo waliosema walishabadilisha kitasa, hawauhitaji, lakini wakauchukua. Mlango mmoja ulifungwa usoni kwetu. Ule ufunguo aliuweka kizingitini.

Wa mwisho ulikuwa wa nyumba iliyo pembeni ya kiwanda cha matofali. Mzee wa pale alikuwa akifunga mlango wake kwa waya tangu soko livunjwe. Aliupokea ufunguo, akakifungua kitambaa, akaugeuza mkononi. Halafu akautia kwenye kitasa. Ulizunguka mara moja, bila kukwama. Akafunga, akafungua, akafunga tena.

"Alikuwa fundi yule," mzee akasema.

"Alikuwa fundi," mjomba akaitikia.

Mzee aliutoa waya, akautupa uani. Mjomba alikuwa bado amesimama pale mlangoni, mikono mitupu.

"Kuna kingine?" mzee akamwuliza.

"Hapana," mjomba akasema. "Hakuna kingine." Lakini hakuondoka, hadi nilipomshika mkono.